Sura ya Nne: Mche wa Majani Mawili

Mpunga ni zao ambalo wakulima wengi wa majaruba hulipanda mara mbili. Kwanza mbegu husiwa kitaluni, zikabanana kwenye kipande kidogo cha ardhi. Kisha miche hung'olewa na kuatikwa jarubani kwa mikono ya watu walioinama tangu asubuhi hadi jua la utosi. Kazi hiyo ina sababu zake. Mche unaoingia shambani ukiwa na majani tayari hulitangulia gugu, na jaruba linaweza kuendelea kuvurugwa na kusawazishwa huku miche ikikua mahali pengine kwa maji machache. Lakini ipo gharama isiyoandikwa kwenye daftari la mkulima yeyote: kati ya upandaji wa kwanza na wa pili, mmea hukatwa mizizi. Kila mche unaoatikwa ni majeruhi. Kuuliza uatikwe lini, uatikwe vipi, na mingapi iingie shimo moja ni kuuliza namna ya kumhamisha majeruhi bila kumzidishia jeraha.

Desturi ya mabonde mengi ya Afrika Mashariki ni kuatika miche yenye wiki tatu, nne au hata zaidi, mitatu hadi mitano kwa shimo, ndani ya maji yaliyotuama. Kilimo shadidi, kilichofundishwa Mkindo mkoani Morogoro na katika skimu ya Mwea nchini Kenya, kinaagiza kinyume chake: mche wa siku 8 hadi 12, mmoja kwa shimo, nafasi ya sentimita 25 kwa 25, kwenye tope lenye unyevu lisilofurikwa na maji. Kwa miaka mingi watetezi na wapinzani wa njia hii wamebishana kuhusu tani, na ukali wa mabishano yao umewafanya watu wadhani kwamba siri yote imo katika idadi ya siku. Sura hii inatetea jambo jingine. Uchanga wa mche haufai kitu peke yake. Unafaa kwa sababu mche mchanga una mizizi michache ya kujeruhiwa na bado una akiba ya chakula ya kuponea. Anayeatika mche wa siku 10 kwa uzembe atavuna pungufu kuliko anayeatika wa siku 20 kwa uangalifu, na hesabu ya siku isiyotazama mizizi imewavunja moyo wakulima wengi kuliko ilivyowasaidia.

Tuanze na mbegu, maana mzizi huweza kuharibiwa mapema kuliko wengi wanavyodhani. Punje kavu ya mpunga imelala, haijafa. Ikinywa maji kiasi cha robo ya uzito wake au zaidi kidogo, na ikapata joto, vimeng'enya vyake huanza kugeuza wanga kuwa sukari ya kulisha kiinitete. Hadi hapo mpunga hautofautiani na mahindi wala maharage. Tofauti inakuja kwenye hewa. Mbegu nyingi zikizamishwa majini muda mrefu huoza. Ya mpunga ina uwezo wa kuota hata pasipo oksijeni, ila huota nusu: hutoa ala ya chipukizi na kuirefusha kwenda juu kutafuta hewa, wakati mzizi umezuiliwa ndani ya punje. Mkulima anayeacha mbegu kwenye ndoo ya maji siku tatu huona ncha nyeupe akafurahi kwamba zimeota, kumbe kilichotoka ni chipukizi lisilo na mzizi. Ndiyo maana maelekezo mazuri yana hatua mbili. Ya kwanza ni kuloweka kwa takriban saa 24 ili punje ishibe maji. Ya pili ni kuchuja na kuzifunika mbegu kwenye gunia lenye unyevu, mahali pa joto, kwa saa 24 hadi 48, zikigeuzwageuzwa ili hewa ipite na zisichemke zenyewe kwa joto lao. Husiwa mara tu ncha ya mzizi inapochungulia, kwa sababu zikiachwa hadi mizizi isokotane, kuzitenganisha kwa mkono ni kuikata kabla hata haijaona udongo.

Kabla ya kuloweka kuna kazi fupi ambayo wengi huiruka: kuchagua punje nzito. Chumvi huyeyushwa kwenye ndoo ya maji hadi yai bichi lielee, kisha mbegu humiminwa humo. Zinazoelea huondolewa, zilizozama huoshwa kwa maji safi zisibaki na chumvi. Uzito unaotafutwa ni wa wanga, na wanga huo ndio chakula pekee cha mche hadi unapokaribia jani la tatu. Hapa ndipo penye bawaba ya hoja nzima. Mche wenye majani mawili bado unakula kutoka kwenye punje yake, hivyo ukinyanyuliwa na punje ikiwa imening'inia shinani, kukatika kwa nywele chache za mizizi hakuukatishi riziki. Mche wa mwezi mmoja umekwisha kumaliza akiba hiyo zamani. Unategemea mizizi yake yote, na mizizi hiyo ndiyo inayobaki kitaluni unapovutwa kwa nguvu.

Kitalu nacho hupangwa kwa kufikiria siku ya kung'oa. Tuta huinuliwa kidogo, udongo ukachanganywa na samadi iliyooza vizuri au mboji ili uwe mwepesi, na mbegu husambazwa kwa kuachana. Mkulima aliyezoea kujaza kitalu huona uchache huo kama mzaha, lakini hesabu haina ugumu. Nafasi ya sentimita 25 kwa 25 hutoa mashimo 16 kwa kila mita ya mraba, yaani 160,000 kwa hekta. Punje elfu moja za aina nyingi za mpunga zina uzito wa karibu gramu 25. Kwa mche mmoja kwa shimo, basi, hekta nzima inahitaji kilo 4 za mbegu endapo zote zitaota, na hata ukizidisha mara mbili kwa tahadhari utafika kilo 8, wakati desturi humeza makumi ya kilo. Akiba hiyo ya mbegu ni faida ndogo kati ya mbili. Kubwa ni kwamba miche isiyosongamana haifumani mizizi, na kila mmoja unaweza kuchotwa kwa mwiko au jembe dogo pamoja na bonge lake la udongo.

Wazo la kuatika mapema halikuzaliwa maabara. Henri de Laulanié, padre Mjesuti wa Kifaransa aliyekuwa amesomea kilimo kabla ya upadre, alifika Madagaska mwaka 1961 na kukaa huko miongo kadhaa akiwatazama wakulima wa nyanda za juu, akijaribu walichojaribu na kukusanya mbinu zilizozaa zaidi. Mwaka 1983, katika shule ya kilimo ya vijana huko Antsirabe, mvua zilivuruga ratiba na miche ikaatikwa ikiwa na siku 15 hivi, nusu ya umri uliozoeleka. Haikutarajiwa kufanya vizuri, lakini ilitoa machipukizi kwa wingi ambao haukuwa umeonekana hapo. Misimu iliyofuata walijaribu miche michanga zaidi kwa makusudi. Mwaka 1990 Laulanié na wenzake wa Kimalagasi waliunda chama cha Tefy Saina ili kueneza njia hiyo, ndiyo kilimo shadidi, na baada ya kifo chake mwaka 1995 ilibebwa ulimwenguni hasa na Norman Uphoff wa Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani.

Maelezo ya wingi ule wa machipukizi Laulanié aliyapata katika kazi ya Katayama, mtafiti wa Kijapani wa nusu ya kwanza ya karne ya 20. Katayama aliugawa ukuaji wa mpunga katika vipindi. Kila kipindi ni muda wa kutoka jani moja hadi jingine, na katika mazingira mazuri huchukua karibu siku tano. Kipindi cha kwanza hutoa shina mama. Viwili vinavyofuata havitoi chipukizi. Kuanzia cha nne machipukizi hutoka moja, kisha moja, mawili, matatu, matano, manane, kumi na mawili, ishirini, na katika kipindi cha kumi na mbili thelathini na moja, kwa sababu kila chipukizi nalo hugeuka mzazi. Jumla ni mashina 84. Sasa chukua mmea uliochelewa vipindi vitatu kabla ya wakati wa kutunga masuke: unaishia kipindi cha tisa ukiwa na mashina 21. Umepoteza robo ya muda na robo tatu ya mashina. Mtu akielewa hesabu hii haulizi tena kwa nini wiki mbili za kunyauka na kugeuka njano baada ya kuatikwa, ambazo wakulima wengi huziona kama jambo la kawaida, zina bei kubwa hivyo. Anaelewa pia kwa nini mlango mzuri wa kuhamisha ni kabla ya kipindi cha nne, mche ukiwa na majani mawili na haujaanza kuzaa.

Hata hivyo hesabu hiyo inaeleza kinachowezekana tu, na kati ya kinachowezekana na jaruba halisi umesimama mkono wa mwatikaji. Mche uliong'olewa asubuhi, ukafungwa tita, ukapigwapigwa ili udongo utoke, kisha ukaachwa juani hadi alasiri, umejeruhiwa hata kama una siku nane tu. Tena umejeruhiwa zaidi, kwa kuwa mizizi yake ni laini na hukauka haraka. Njia iliyo sahihi ni kupunguza muda wa mzizi kuwa nje, ikiwezekana usizidi nusu saa, kuuacha udongo na punje vilipo, na kuupenyeza mche kwa ubavu kwenye tope kina cha sentimita moja au mbili. Kuusukuma kwa kidole kutoka juu hufanya ncha ya mzizi ikunjwe na kutazama juu kama ndoana, na mmea hupoteza siku kadhaa ukijaribu kuigeuza irudi chini. Ukipenyezwa kwa ubavu, mzizi hulala mlalo na ncha yake huzama yenyewe. Maji mengi nayo hurudisha tatizo lile la ndoo: mche mfupi uliofunikwa na maji hutumia nguvu zake kurefuka kufuata hewa, badala ya kujishikiza ardhini.

Pingamizi la kwanza linatoka kwa wanasayansi, na si la kupuuzwa. Kutoka Madagaska zilikuja taarifa za tani 15 na zaidi kwa hekta, katika nchi ambayo wastani wake ulikuwa karibu tani mbili. Mwaka 2004 Thomas Sinclair na Kenneth Cassman waliziita taarifa za namna hiyo mambo yaliyoonwa shambani bila kuthibitishwa, na mwaka huohuo majaribio ya John Sheehy na wenzake katika maeneo matatu ya China hayakuonyesha kwamba kilimo shadidi kina ubora wa asili kuliko kilimo cha kisasa kilichosimamiwa vizuri. Mwaka 2006 watafiti wengine wa Cornell, chuo kilekile cha Uphoff, walilinganisha matokeo kutoka nchi mbalimbali wakaona kwamba, nje ya Madagaska, njia hiyo haikuzishinda mbinu bora zilizopendekezwa na wataalamu wa mahali husika. Hakuna haja ya kuukwepa ushahidi huu. Mmea hauwezi kutengeneza wanga zaidi ya mwanga wa jua unavyoruhusu, na mashina 84 katika kila shimo la shamba zima ni ndoto, kwa kuwa majirani hugombania mwanga na mbolea na machipukizi mengi ya mwisho hayabebi suke.

Lakini tazama kilicholinganishwa. Upande wa pili wa mizani ulikuwa kilimo bora chenye mbolea ya kutosha, maji ya uhakika na miche iliyotunzwa. Mkulima wa kawaida wa Mkindo au Mwea hajilinganishi na shamba la majaribio. Anajilinganisha na jaruba lake la mwaka jana, lenye miche ya mwezi mmoja, mitano kwa shimo, iliyokaa njano siku kumi. Kushindwa kumpita mkimbiaji bora si sawa na kushindwa kumpita anayechechemea. Tena ushahidi unaoniridhisha zaidi kuhusu miche michanga uko nje ya ugomvi huu kabisa. Nchini Ufilipino wakulima wamekuwa na njia ya dapog, ambayo mbegu husiwa kwa msongamano juu ya majani ya mgomba au karatasi ya plastiki, na miche huatikwa ikiwa na siku 9 hadi 14. Mashine za kuatika zilizoenea Japani hutumia trei za miche yenye majani mawili hadi matatu, zikachomeka vipande vya mkeka wa mizizi na udongo wake kwenye majaruba yenye maji na mbolea za viwandani. Wajapani hawakuwa wakifuata mafundisho ya padre wa Antsirabe. Walifika pale pale kwa njia nyingine: mche mdogo ukihamishwa pamoja na udongo wake hushika upesi.

Pingamizi la pili ni la mfuko na tumbo. Christine Moser na Christopher Barrett, waliochunguza vijiji vya Madagaska na kuchapisha matokeo mwaka 2003, waligundua kwamba wakulima waliojaribu njia hii kisha wakaiacha walikuwa wengi mno kuweza kudharauliwa, ingawa mavuno yalikuwa yameongezeka. Sababu yake ni ya kueleweka. Kuatika kwa uangalifu na kupalilia mapema huhitaji kazi nyingi wakati uleule ambao chakula kimeisha ghalani na mtu maskini analazimika kwenda kufanya kibarua kwa mwingine ili watoto wale jioni. Kumwambia mtu huyo kwamba atapata magunia zaidi baada ya miezi minne hakujibu swali la leo. Kosa la wahamasishaji lilikuwa kuitoa njia hii kama mfuko mmoja uliofungwa, uchukue wote au uuache wote. Sehemu za mfuko huo zinazohusu mzizi ndizo nafuu kuliko zote: chumvi na yai, gunia lenye unyevu, kitalu kisichosongamana, na kitalu kuwa karibu na jaruba. Hizo zinaokoa mbegu na haziongezi siku za kazi nyingi. Palizi na usimamizi wa maji ndivyo vyenye gharama, na vinaweza kufuata nguvu ya kaya inavyoruhusu.

Pingamizi la tatu ndilo lenye nguvu zaidi, na ni la mahali. Mche wa majani mawili una kimo cha kidole. Kwenye bonde linalofurika bila taarifa huzama na kufa; kwenye jaruba lisilosawazishwa huzama upande mmoja na kukauka upande mwingine; konokono huumaliza kwa usiku mmoja. Katika delta ya Rufiji, ambako maji ya chumvi na kaa ni sehemu ya kilimo cha mpunga, mkulima anayesubiri miche irefuke na kukomaa hafanyi hivyo kwa ujinga. Mpunga huvumilia chumvi kiasi wakati wa kuota, lakini ukiwa mche mchanga ni miongoni mwa nyakati zake dhaifu kuliko zote dhidi ya chumvi. Hapo agizo la siku kumi ni agizo la kuua mimea. Hata hivyo hoja ya mzizi inabaki na nguvu, pengine inaongezeka. Ukilazimika kuatika mche mkubwa, ndipo unapohitaji zaidi kusia kwa kuachana, kumwagilia kitalu kabla ya kung'oa ili udongo ulegee, kupunguza msongamano shimoni, na kuatika siku hiyohiyo. Umri umeamuliwa na maji na chumvi. Ukubwa wa jeraha bado unaamuliwa na mtu.

Hoja hiyohiyo inaonyesha udhaifu wa kuhesabu siku hata pale ambapo miche michanga inafaa. Mwea iko kwenye vilima vya chini vya Mlima Kenya, juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Mkindo iko bondeni kwenye joto zaidi. Kwa kuwa joto ndilo linaloendesha vipindi vya Katayama, mche wa siku 10 Mkindo na mche wa siku 10 Mwea hailazimiki kuwa katika hatua moja, na katika kitalu kimoja msimu wa baridi hautafanana na msimu wa joto. Siku 8 hadi 12 ni makadirio ya mahali fulani kwa majira fulani, yaliyogeuzwa kuwa amri kwa sababu tarehe ni rahisi kuandika kwenye bango la mafunzo. Jani haliandikiki kirahisi hivyo, lakini linaonekana na kila mtu, hata asiyejua kusoma: mawili yamekunjuka, la tatu halijatimia, punje bado iko shinani.

Kwa hiyo bwana shamba anayekagua kitalu angeanza vizuri kwa kuchota mche mmoja na kuutazama chini ya shina kabla ya kuuliza ulisiwa lini. Mizizi ikiwa myeupe, udongo umeshika, na punje haijawa ganda tupu, mche uko tayari hata kama kalenda inasema bado, ilimradi jaruba limesawazishwa na maji yanadhibitika. Mizizi ikiwa imefumana na ya majirani na punje imekwisha, muda bora umepita, na cha kuokoa ni namna ya kuhamisha. Na mkulima ambaye msimu huu ana nafasi ya kubadili jambo moja tu, si nafasi, si maji, si aina ya mbegu, abadili muda kati ya kitalu na shimo: asing'oe miche ya kesho leo. Jambo hilo halimgharimu shilingi, halibishaniwi na upande wowote wa mzozo huu, na mwezi ujao atakapopita jarubani ataweza kulipima mwenyewe kwa kuhesabu machipukizi.